Tende ya Mapema

Ukija soko la Kariokor kutafuta akala, viatu vya tairi, ambazo mjukuu wako atazirithi, utaelekezwa kwangu hata na wale wanaonichukia. Sijisifu, nasema yaliyopo. Shule niliachana nayo darasa la sita, au yenyewe iliachana nami, na akili yote niliyoipata baadaye nilifunzwa na kisu na tairi la lori. Leo nina kibanda changu, nina cherehani za ngozi, na kule Kware nina nyumba ya kupangisha ambayo wapangaji wakianika nguo, majirani wanakosa jua. Kwa hivyo nilipoambiwa kwamba kuna jambo moja ambalo huenda nisiliweze, yaani kukaa bila kula kutoka alfajiri hadi jua kuzama kwa mwezi mzima, nilicheka mbele za watu. Njaa? Mimi na njaa tumelala kitanda kimoja.

Aliyeniambia hivyo alikuwa ami wa mwanamke niliyetaka kumwoa.

Mwanamke mwenyewe ni mjane, anauza mahamri na mbaazi asubuhi pale Shauri Moyo, kwenye kibaraza cha nyumba zile za zamani za kanjo, baraza la jiji. Nilikuwa napita hapo nikienda Gikomba kutafuta ngozi. Mwanzoni nilikula kwa sababu ya njaa. Baadaye nikawa nakula hata nikiwa nimeshiba, na hilo yeye aliliona kabla yangu.

"Wewe bwana," akaniambia siku moja, "unakula kama mtu anayehama. Nyumbani kwako hakuna sufuria?"

"Sufuria ziko. Hakuna wa kuzipakua."

"Basi tafuta mpishi."

"Si ndiye naongea naye."

Akacheka, kisha akavuta mtandio wake vizuri. "Mimi ni Mwislamu, na nina wenyewe. Kwetu mtu hachukuliwi kibarazani kama andazi."

Nikaanza kwenda msikitini kuuliza maswali. Imamu alikuwa na subira kuliko wateja wangu wote. Miezi ikapita, na Ijumaa moja nikatoa shahada mbele ya watu. Kariokor nzima ikasema nimebadilisha dini kwa ajili ya mahamri. Sikuwapinga sana. Mtu huingia nyumba kwa mlango aliouona kwanza, akishaingia ndipo anaona vyumba.

Ami yake hakutaka habari za vyumba. Yeye ndiye ndugu wa marehemu baba yake, kwa hivyo ndiye mwenye ruhusa ya kumwozesha. Ni fundi wa kanzu aliyestaafu. Masikio yake yamezeeka lakini ulimi bado mpya. Nilipopeleka posa alinisikiliza hadi mwisho, nami nilikuwa nimejieleza vizuri, na nyumba ya Kware nilikuwa nimeitaja. Halafu akawageukia wazee wenzake waliokaa mkekani.

"Shahada ni ulimi," akasema, "na ulimi wa huyu tumeusikia, ni mrefu. Sasa tuone tumbo. Ramadhani hiyo inakuja. Bwana mkubwa, ukifunga mwezi mzima bila kuharibu hata siku moja, Idi nitakuozesha. Ukiharibu moja tu, utaendelea kununua mahamri kama wateja wengine."

Wazee wakaitikia. Nyuma ya pazia nilimsikia mwenye mahamri akikohoa.

"Mzee," nikajibu, "anzeni kuchambua mchele wa pilau."

Sasa, kuna jambo watu hawalijui kuhusu kazi yangu: ni kazi ya mdomo. Fundi wa akala hushika misumari midogo kwa midomo, akichomoa mmoja mmoja huku nyundo iko mkono wa pili. Uzi nao huulowesha kwa ulimi kabla ya kuupitisha kwenye sindano. Siku ya kwanza ya Ramadhani nilikaa kibandani, nikabana misumari kama kawaida, na jirani yangu anayeshona mishipi akaruka kutoka kwenye kiti chake.

"Haji amekula!" akapiga kelele. Makka mimi sijawahi kuiona, lakini tangu nisilimu aliniita Haji. "Jameni njooni, Haji amefungua na misumari!"

Soko likaja. Mama wa viondo akaja, wauza ngozi wakaja, hata watu wasionijua wakaja. Ikabidi nifunge kibanda niende kumuuliza imamu. Akafikiri kidogo.

"Msumari ukikaa mdomoni haujakufungua," akasema. "Lakini ukiumeza, saumu itakuwa ndiyo shida yako ndogo."

Nikarudi nikawatangazia hukumu hiyo kama mimi ndiye niliyeitoa. Jirani hakukubali kushindwa. Mchana alinigeuzia kiti, akafunua chapati na maharagwe yake karibu na pua yangu.

"Niaje, Haji? Bado unapumua?"

"Kula, bwana."

"Nakuonea huruma, ndiyo maana nakula polepole."

Na wateja. Kila mteja swali lake ni lile lile. Kuna mama mmoja alikuja kuchukua viatu vya watoto, akaniona midomo imekauka.

"Hata maji?" akauliza.

"Hata maji."

"Hata kidogo tu?"

"Hata kidogo."

"Pole sana. Na chai je?"

"Mama, chai kwenu inapikwa na nini?"

Alasiri ndiyo ilikuwa na makali. Wachoma nyama wa upande wa pili wa soko hupuliza makaa saa hiyo, na moshi unajua njia ya kuja kwangu bila kuuliza. Kichwa kiliniuma kwa kukosa chai, na mteja akiomba kupunguziwa bei nilihisi namdharau hadi ukoo. Ndipo nikaelewa kwamba kinywa kikifungiwa chakula, kinatafuta njia ya kutoa matusi ili kisikae bure. Imamu alisema matusi yanakula thawabu. Akaongeza, akinitazama mimi na si mtu mwingine, kwamba kujigamba pia kunakula. Kesho yake nikajaribu kufunga na majigambo. Hiyo niliweza mpaka saa nne asubuhi.

Lakini niseme na hili, maana ni kweli. Nilipokuwa mdogo tulilala njaa mara nyingi, mama akichemsha maji sufuriani ili tusinzie tukingoja. Njaa ile haikuwa na magharibi. Hakuna aliyesimama juu ya mnara kututangazia kwamba imekwisha, kuleni. Nilifanya kazi kama punda miaka yote hii ili nisiione tena, na sasa, mtu mzima mwenye mvi, nilikuwa naifungulia mlango mwenyewe kila alfajiri, naikaribisha, naketi nayo kutwa, na jioni naiaga. Ilikuwa njaa ile ile, ila safari hii mimi ndiye niliyeshika ufunguo. Kuna jioni nilikunywa maji ya kufungulia nikatokwa na machozi, nikasingizia moshi wa nyama. Hapo ndipo saumu ilipokuwa yangu, na hata mahamri yangeondolewa kwenye maneno ningeendelea kufunga.

Mwezi ukaenda, nami sikuharibu siku hata moja. Mtaa ulikuwa unanihesabia. Shauri Moyo wakinipita wananisalimu kwa heshima, na mwenye mahamri, ambaye mwezi huo alikuwa akiuza jioni badala ya asubuhi, alianza kuniwekea yale ya chini ya sinia yaliyo moto bado. Zilipobaki siku chache Idi ifike, ami akaniita kwake nikafuturu naye. Nilijua maana yake. Alikuwa analegea.

Mimi siendi kwa watu mikono mitupu. Ami magoti yanamsumbua, kwa hivyo hufungulia nyumbani ndipo ajikokote kwenda kuswali, na mara nyingi nilikuwa nimemsikia akilalamika kwamba adhana humfikia kama mbu. Nikamnunulia redio kubwa ya betri, yenye sauti ya kuamsha wapangaji wa Kware wote. Bahati yangu, nikadhani, jioni hiyo stima ilipotea mtaa mzima. Bila stima kipaza sauti cha msikiti hunyamaza, muadhini anabaki na koo lake tu akishindana na magari ya Jogoo Road. Mvua nayo ilikuwa imefunga, mawingu meusi, ndani ya nyumba giza tayari.

Tukakaa mkekani, ami na mimi. Mbele yetu tende, maji, mahamri, viazi karai. Mkewe na binti wa nduguye, yaani mchumba wangu, walikuwa nyuma ya pazia wakimalizia uji. Nikaiweka redio katikati.

"Mzee," nikamwambia kwa sauti ya kumfikia, "kuanzia leo hutategemea masikio ya watu."

Akaipapasa vitufe. Niliona amefurahi, ingawa alijikaza. Nilikuwa nimeitega kwenye idhaa inayosoma Kurani tangu alasiri. Tukasikiliza. Kisha adhana ikaanza, nzuri, ya sauti ndefu.

Mwezi mzima nilikuwa nangoja wengine waguse chakula ndipo niguse. Jioni hiyo nilitaka kuonekana najua. "Bismillahi," nikasema kama mwenye nyumba, nikatia tende mdomoni. Ami akautazama mdomo wangu unavyokwenda, akaitazama redio, naye akachukua tende. Akanywa glasi ya maji yote, akashusha pumzi, "Alhamdulillah," akachukua tende ya pili.

Adhana ikaisha. Mtangazaji akaingia, mchangamfu kama mtu aliyeshiba.

"Hiyo ilikuwa adhana ya Magharibi kwa wakaazi wa Mombasa na viunga vyake. Wenzetu wa Nairobi, vuteni subira kidogo."

Mimi nilijua jua ni moja. Sikujua kwamba kwa sababu Mombasa iko huko linakochomozea, hata kuzama huwazamia wao kwanza. Aliyezaliwa katika dini hii huku Nairobi hulijua hilo tangu utotoni, kama anavyojua kuvua viatu mlangoni. Mimi nilijua viatu tu. Nikabaki na kokwa shavuni, sijui niiteme au niifiche. Ami hakuwa amemsikia mtangazaji. Alikuwa anafikia hamri.

Pazia likafunguka, mkewe akatokea na birika la uji.

"Nyinyi wawili mnafanya nini?"

"Tunafuturu," ami akasema. "Keti, unachelewa."

"Mnafuturu ya wapi?"

Mkewe akaizima redio. Tukasikia magari, tukasikia matone ya mvua kwenye mabati. Ami akanitazama, akautazama mkono wake wenye hamri, akalirudisha sahanini taratibu kana kwamba halijaguswa. Tulikaa hivyo, vinywa vitamu, hakuna wa kumtazama mwenzake, hadi koo la muadhini wetu likatufikia kutoka mbali. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Basi," ami akasema hatimaye. "Nilisema siku moja, na siku moja imepatikana. Posa imekwisha."

"Mzee, mimi nilidhani..."

"Kudhani si kufunga."

Mkewe akaweka birika chini. "Na ya kwako?"

"Yangu nini?"

"Saumu yako. Au tende uliyokula wewe ilikuwa ya Nairobi?"

"Mimi nilimfuata huyu."

"Wewe umefunga tangu huyu hajazaliwa, leo unamfuata yeye? Hapo ulipo si huwa unawafunza watoto wa madrasa saa za swala?"

Ndipo mchumba wangu alipotoka na sinia la kaimati. Alikuwa ameuma midomo ili asicheke, lakini sinia lilikuwa limeinama, shira inamwagika pembeni. Alijua kinachoharibika hapo ni chake pia.

"Ami, nauliza kwa heshima."

"Uliza."

"Kama kufungua mapema kunavunja ndoa ambayo bado haijafungwa, ile iliyokwisha kufungwa je? Mama arudi kwao Lamu leo, au asubiri kupambazuke?"

"Mimi niko tayari," mkewe akasema. "Nipe tu buibui langu."

Ami akamtazama mkewe kwa muda mrefu. Nadhani aliona anaweza kweli kulivaa. "Mpeni uji," akasema, akinionyesha kwa kidevu.

Kesho yake alimwendea imamu mwenyewe, fimbo mkononi. Jibu lilikuwa jepesi: mliokula mkidhani jua limezama, lipeni siku hiyo, wote wawili. Ami akanitumia salamu nifike.

"Nilisema mwezi mzima," akaniambia. "Mwezi wako una pengo, na wangu una pengo. Tutaziba pamoja, siku moja, mahali pamoja, kila mtu akimwona mwenzake. Ukifika Magharibi, ya hapa, nitakuozesha jioni hiyo hiyo. Ukishindwa, usikanyage tena mkeka wangu."

Mchumba wangu alinisindikiza hadi kibarazani. Safari hii hakuwa na utani.

"Siku hiyo nyamaza tu," akasema. "Ufunge na unyamaze. Nakuomba."

Siku ya Idi yenyewe haifungwi. Tukafunga siku ya pili yake, wakati mtaa mzima bado unanuka pilau. Ami alikataa nishinde kwake. Alitaka kuniona mahali penye majaribu. Akaja Kariokor asubuhi, akaketi juu ya rundo la matairi yangu, fimbo katikati ya magoti, akinitazama mdomo. Nikabana misumari. Akasogea karibu. Nikaichomoa yote nikamwonyesha, akakubali kwa kichwa.

Mchana jirani wa mishipi akatokea na sahani kubwa, mbavu za mbuzi, kachumbari, ugali. Alikuwa amenunua kwa mchinjaji Mwislamu makusudi.

"Idi ni Idi, Haji! Nilikusumbua mwezi mzima, leo nakulisha. Na mzee naye karibu."

"Tumefunga," nikasema.

"Tena? Si mwezi umekwisha?"

"Kulikuwa na shida ya Mombasa."

Nikamweleza. Alicheka hadi akashikilia nguzo ya kibanda. "Kwa hivyo Mombasa wamekula, nyinyi mnalipa?" Kisha akaona ami ameipa sahani mgongo lakini shingo inageuka yenyewe kidogo kidogo. Akaacha kucheka, akaifunika, akaipeleka kwake, akala ndani kwa kujificha. Ndiyo mara ya kwanza aliniheshimu.

Alasiri, moshi ulipoanza, ami akaanza kuinamia fimbo yake. Umri wake si wa mchezo. Nilimwekea gunia la mabaki ya ngozi mgongoni aegemee.

"Unajua mimi sina ugomvi na akala zako," akasema ghafla. "Huyu mtoto alifiwa na mumewe akiwa na umri wa kuanza maisha. Nilikaa naye ndani eda yote, miezi ile, hasemi. Mahamri ndiyo yalimrudisha kusema. Sasa akija mtu anayesema sana, mimi naogopa. Anayesema sana huenda mapema."

Nilikuwa na la kujibu. Nyumba ya Kware ilinifika kwenye meno. Nikaimeza, na sijui kama hiyo inafungua.

"Siendi, Mzee," nikasema.

Akasubiri niongeze. Sikuongeza. Akaendelea kunitazama, kisha akafumba macho, akasinzia juu ya matairi, na mimi nikagonga misumari polepole nisimwamshe.

Jioni tulikuwa mkekani kwake. Stima ilikuwepo. Adhana ikatoka msikitini, kubwa, hata yeye aliisikia. Tende zilikuwa mikononi mwetu. Hakuna aliyesogeza.

"Tangulia, Mzee," nikamwambia.

"Tangulia wewe."

"Mimi nilikwisha kutangulia mara moja."

Ami akamtuma mkewe nje atazame mbingu. Akarudi akasema mbingu ziko sawa, na kama hatuli atawapa paka. Tukala. Tukala sana. Tuliporudi kutoka kuswali, imamu na wazee wakafuata, wakakuta ami amejisahau kwenye sinia la kaimati, na mimi pembeni yake sikuwa nyuma. Imamu akasema tuanze, chakula kitangoja. Ami akanipa mkono wake wa kulia nami nikaushika, gumba kwa gumba, kama inavyotakiwa. Ulikuwa unanata shira, na wangu vilevile. Akaniozesha kwa sauti kavu, mdomo bado una kitu ndani. Nikajibu kwamba nimekubali, mara moja tu, bila nyongeza yoyote, na kutoka nyuma ya pazia nikasikia kikohozi, halafu vigelegele. Imamu akatuambia sasa tunaweza kuachiana mikono. Tulijaribu.